Jeraha la pili halina faili

*Sheria inamtambua mwanajeshi mstaafu. Lakini kiwewe alichotoka nacho Somalia kimeandikwa pengine, na presha anayotibiwa Kitale au Bungoma imeandikwa pengine. Nani ataandika sentensi ya kuviunganisha?*

Katika hospitali nyingi za umma magharibi mwa Kenya, historia ya mgonjwa hukaa ndani ya daftari la shule. Ni lile jembamba la kurasa 32, linalouzwa kwenye kibanda nje ya lango, na jina la mgonjwa huandikwa pale ambapo mwanafunzi angeandika somo. Likijaa, unanunua jingine. Likilowa mvua, ndiyo basi.

Tufunue daftari moja la namna hiyo. Mwenyewe si mtu fulani, ni mfano nilioujenga ili njia ionekane. Mwanamume wa miaka arobaini na kitu, alitoka jeshini akiwa koplo, ana ekari mbili za mahindi upande wa Kiminini, nje kidogo ya Kitale. Ukurasa wa kwanza: presha 170 kwa 105, apewe amlodipini, arudi baada ya mwezi. Kurasa chache mbele: kiungulia, maumivu ya tumbo, apimwe vidonda. Mbele zaidi, kwa mwandiko wa daktari mwingine: halali usiku, anashtuka, apunguze pombe. Kisha presha tena, imepanda. Kisha sukari.

Hakuna ukurasa wenye neno Somalia.

Neno hilo limo katika faili jingine lililo mbali, kwenye hifadhi za jeshi, pamoja na namba yake ya huduma, kikosi chake, na tarehe alizoondoka na kurudi. Mstaafu huyu akitaka pensheni ya ulemavu, au nyongeza yake, kwa magonjwa yaliyomwandama baadaye, anahitaji karatasi ya tatu inayosema kwamba mambo haya mawili ni habari moja. Daktari wa kaunti hawezi kuiandika kwa urahisi, kwa kuwa faili la jeshi hajawahi kuliona. Bodi ya madaktari wa jeshi nayo ilimpima mara ya mwisho alipokuwa anatoka, na siku hiyo presha yake huenda ilikuwa sawa kabisa.

> Faili lina Somalia lakini halina presha. Daftari lina presha lakini halina Somalia.

Kutoka El Adde hadi Eldoret

Kenya ilivuka mpaka kuingia Somalia tarehe 16 Oktoba 2011, katika Operesheni Linda Nchi. Mwaka uliofuata majeshi yake yaliingizwa katika kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM, na Septemba 2012 Kismayu ikatwaliwa. Wakenya walikuwa wamezoea kusikia askari wao wakisifiwa kwa kulinda amani Namibia, Yugoslavia na Sierra Leone. Sasa walikuwa na jeshi lililo vitani mwaka nenda mwaka rudi.

Alfajiri ya 15 Januari 2016, wapiganaji wa al-Shabaab waliivamia kambi ya wanajeshi wa Kenya ya El Adde, Somalia. Walioshambuliwa walikuwa wa kikosi cha 9 Kenya Rifles, chenye makao Eldoret, kilomita sabini hivi kutoka Kitale. Ibada ya kuwakumbuka ilifanyika Moi Barracks tarehe 27 mwezi huohuo, Rais Uhuru Kenyatta akiwa pamoja na marais wa Somalia na Nigeria, Hassan Sheikh Mohamud na Muhammadu Buhari. Mwaka mmoja kamili baadaye, 27 Januari 2017, ikawa zamu ya kambi ya Kulbiyow kushambuliwa.

Serikali ya Kenya haijatangaza rasmi idadi ya waliouawa El Adde. Rais wa Somalia alitaja katika mahojiano ya televisheni watu wapatao 180 hadi 200, na Nairobi ikaikataa hesabu hiyo. Kwa familia za waliokufa, ukimya huo ni dhuluma ya aina yake. Kwa walionusurika una matokeo mengine yasiyosemwa sana: mtu anatakiwa athibitishe kwamba aliugua kwa sababu ya tukio ambalo mwajiri wake hajalisimulia hadharani.

Baada ya miaka kumi na zaidi ya vita hivyo, walioingia Somalia wakiwa vijana wa miaka ishirini na tano sasa wanastaafu. Wengi wa huku hurudi nyumbani, Chwele, Kimilili, Webuye, Saboti, Endebess. Kijijini wanaitwa afande, wanawekwa kwenye kamati za shule na za mazishi, na wanatarajiwa kuwa watu wasioshtuka.

Ugonjwa unaozaa ugonjwa

Kuhusu kiwewe chenyewe madaktari hawabishani sana. Mwaka 1980, baada ya miaka ya kusukumwa na wanajeshi waliotoka Vietnam, chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilikiingiza katika mwongozo wake wa magonjwa, na tangu hapo maradhi hayo yana vigezo vinavyojulikana. Tukio hurudi bila kuitwa, mchana kwa fikra na usiku kwa ndoto. Mtu hukwepa chochote kinachomkumbusha. Mwili hubaki macho, kana kwamba zamu ya lindo haijaisha. Vigezo hivyo vinakubali pia kwamba dalili kamili zinaweza kuchelewa miezi sita au zaidi, yaani mtu anaweza kutoka jeshini mzima na kuugua akiwa shambani.

La kutazama kwa makini ni hilo la mwili kubaki macho. Mtu anayelala saa mbili tatu kwa usiku, moyo ukienda mbio, miaka minane mfululizo, mishipa yake hailipiwi na mwingine. Tafiti za wanajeshi katika nchi mbalimbali zimekuta maradhi ya kiwewe yakiandamana na shinikizo la damu, magonjwa ya moyo, kisukari, matatizo ya tumbo na maumivu yasiyoisha. Njia nyingine hupitia chupa: anayekunywa ili apate usingizi huishia na ini na tumbo lenye hadithi yake. Nyingine hupitia matibabu yenyewe, maana baadhi ya dawa za akili huongeza uzito, na uzito una watoto wake.

Marekani wameliwekea jambo hili kanuni. Idara yao ya wanajeshi wastaafu, kwa kanuni inayotajwa kwa namba yake tu, 3.310, inakubali kwamba ugonjwa uliosababishwa au kuzidishwa na ugonjwa mwingine ambao tayari umekubaliwa kuwa ulitokana na jeshi, nao uhesabiwe. Presha iliyozaliwa na kiwewe ni presha ya vita. Kisha kuna msingi mwingine, mtamu zaidi kwa mdai: ushahidi wa pande mbili ukilingana uzito, faida ya shaka ni yake. Hilo halijawafanya wastaafu wa huko walale usingizi. Wanangoja miezi, wanakataliwa, wanakata rufaa, na biashara nzima ya mawakili na madaktari wa kuandika barua imeota juu ya mgongo wao. Lakini swali lenyewe lina mahali pa kuulizwa.

Uingereza, ambako jeshi letu lilirithi mengi kuanzia ngoma za gwaride, kuna utaratibu wa zamani kwa waliotumikia kabla ya Aprili 2005. Mstaafu akidai ndani ya miaka saba tangu atoke jeshini, ni wizara inayobeba mzigo wa kuthibitisha kwamba ugonjwa wake hautokani na kazi.

Mlango wa sheria za kazi

Mfanyakazi wa kiwanda cha sukari Bungoma akivunjika mkono kazini, Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007 inamhusu. Mwanajeshi haimhusu. Sheria hiyo inaibana serikali kama mwajiri mwingine yeyote, ila imeyaacha majeshi nje kwa kuyataja. Sheria ya Ajira ya mwaka huohuo nayo imefanya vivyo hivyo.

Mwanajeshi ana kanuni zake za pensheni, na ana bodi ya madaktari wa jeshi inayompima na kukadiria ulemavu kwa asilimia. Utaratibu huo una mantiki kwa mguu uliokatwa na jicho lililotoboka. Mguu una picha ya eksirei na una tarehe ya mlipuko. Hata fidia za kimataifa zimejengwa juu ya tarehe: Umoja wa Mataifa tangu 1997 ulikuwa na kiwango cha dola 50,000 kwa mlinda amani aliyekufa, na kwa mlemavu sehemu ya hizo kulingana na kiasi cha ulemavu. Hesabu huanza na tukio, siku na mahali. Presha haina siku iliyoanza.

Mwaka 2022 Kenya ilipata sheria maalumu ya wanajeshi wastaafu, iliyotiwa saini katika miezi ya mwisho ya utawala wa Uhuru Kenyatta. Imewapa wastaafu na wanaowategemea hadhi kisheria, jambo ambalo chama chao cha zamani, DEFOCA, kilikuwa kimelishikilia kwa misaada na kumbukumbu za kila Novemba. Mwaka huohuo sheria ya afya ya akili ilifanyiwa marekebisho, miaka miwili baada ya jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga kutaka afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa.

Sheria mbili nzuri, mwaka mmoja. Koplo wetu wa Kiminini yuko katikati yake, na daftari mkononi.

Mji uliojengwa kwa mafao

Anayedhani nchi hii haijui kumlipa askari aliyerudi na atoke Kitale kilomita chache, upande wowote autakao. Vita vya kwanza vya dunia vilipoisha, serikali ya kikoloni ilianzisha mwaka 1919 mpango wa kuwagawia ardhi wanajeshi Wazungu. Mashamba yaligawanywa kwa kura, mengine bure, mengine makubwa zaidi kwa malipo ya miaka mingi. Trans Nzoia ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizokatwa. Mahindi tunayoyasifu leo yamepandwa juu ya mafao ya wanajeshi.

Walemavu nao hawakusahaulika. Ekari 25,000 huko Kericho zilitengewa maafisa wa Uingereza waliorudi na majeraha, walime kitani pamoja. Hakuna aliyemwomba mmoja wao athibitishe kwamba asingekuwa mgonjwa bila vita. Bei ya kitani ilianguka na mradi ukavunjika, ila ardhi haikurudi kwa wenyewe.

Upande wa pili wa kitabu hicho cha hesabu wako wapagazi wa Carrier Corps, waliotolewa vijijini kwa maelfu, wakafa kwa maelfu, wengi zaidi kwa kuhara damu na malaria kuliko kwa risasi. Mishahara ya waliokufa, ambayo ndugu hawakujitokeza kuichukua, ilibaki mikononi mwa serikali.

Vita vya pili vya dunia vikaja kuchukua wana wao. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma mwaka 1944, ikishuka bonde la Kabaw wakati wa mvua, matope na malaria, mpaka mto Chindwin. Kiinua mgongo cha mwisho kilipangwa kwa rangi: askari Mwafrika alipata theluthi hivi ya Mzungu wa cheo kilekile. Ilipofika 2018 ndipo Uingereza ilipotangaza mpango wa kuwapa wakongwe maskini wa Jumuiya ya Madola fedha za angalau milo miwili kwa siku. Aliyekuwa na miaka ishirini Kabaw alikuwa na tisini na nne.

Na aliyerudi na kichwa kisichotulia? Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilikuwa chini ya Daktari J. C. Carothers tangu 1938 hadi 1950. Katika maandishi yake, likiwamo chapisho lililotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, alishikilia kwamba sonona ni nadra kwa Mwafrika, na akamfananisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Chini ya daktari wa fikra hizo, ndoto za askari wa Kabaw zingeandikwa wapi?

Watu wa Bungoma wana kumbukumbu yao na Mathari. Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, alifungiwa humo kuanzia 1945, akatoka 1947. Hospitali iliyoona taabu kukuta huzuni ndani ya Mwafrika haikupata taabu kukuta wazimu, alipokuwa anawataka Wazungu waondoke.

> Mahindi tunayoyasifu leo yamepandwa juu ya mafao ya wanajeshi.

Hoja ya mwenye hazina

Upande wa serikali una hoja, na si ya kubezwa. Utafiti wa kitaifa wa 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana shinikizo la damu. Wengi wao hawajawahi kushika bunduki. Afisa wa pensheni akipelekewa daftari la Kiminini ana haki ya kuuliza: baba yake alikuwa na presha? Alianza kunywa lini? Je, si umri tu na chumvi?

Kuna hofu ya gharama vilevile. Ukikubali presha, kesho utaletewa kisukari, keshokutwa figo. Na kuna madalali, ambao huota penye fomu yoyote ya fidia Kenya hii, wakijaza kwa asilimia na kumfundisha mteja aseme anaota nini. Mstaafu mkweli ndiye wa kwanza kuumizwa nao, kwa sababu baada yao kila ndoto inaonekana ya kununuliwa.

Hoja hizi ningezikubali zote kama hitimisho lake lingekuwa lile la kawaida la sheria: tuweke kipimo. Hitimisho tunaloishi nalo ni jingine, kwamba kwa kuwa haiwezekani kujua kwa hakika, mgonjwa ndiye abebe shaka yote. Hakuna daktari duniani atakayeapa kwamba presha ya mtu huyu mmoja ilitoka El Adde na si katika chumvi. Nchi zinazolipa zinalijua hilo. Zimeamua tu nani apoteze pale ambapo hakuna awezaye kujua, na zimeona bajeti ya ulinzi ina kifua kipana kuliko ekari mbili za mahindi.

Mimi ningependa orodha. Aliyetumikia katika vituo vilivyotajwa, kati ya tarehe zilizotajwa, na daktari bingwa akathibitisha ana maradhi ya kiwewe, basi magonjwa fulani machache yachukuliwe kuwa yametoka huko mpaka wizara ioneshe vinginevyo. Orodha humnyima dalali kazi, maana hakuna cha kutunga. Humpunguzia pia afisa wa pensheni uwezo wa kukataa kwa sababu hajisikii vizuri asubuhi hiyo.

Mlima wenye pande mbili

Haiwezekani kuandika kuhusu askari na kiwewe Bungoma ukauruka Mlima Elgon. Kati ya 2006 na 2008 kundi la wapiganaji wa mlimani, SLDF, liliua, likakata watu masikio na kufukuza maelfu makwao. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria waliouawa na kundi hilo kuwa zaidi ya 600. Machi 2008 jeshi lilipandishwa mlimani kwa Operesheni Okoa Maisha. Wanaume walikusanywa vijiji kwa vijiji na kupelekwa kambi ya Kapkota kuchujwa, na ripoti za mashirika ya haki za binadamu na ya kitabibu zikaeleza mateso, vifo na watu wasioonekana tena.

Kumweka askari na mkulima wa Cheptais, kule mlimani, katika makala moja kutawaudhi baadhi ya wasomaji, na nawaelewa. Lakini magonjwa yao yanafanana. Shirika la haki za binadamu la IMLU lilipopeleka malalamiko ya wahanga wa mlima katika Mahakama ya Afrika Mashariki, majaji wa kwanza walikubali kuisikiliza kesi mwaka 2011. Kitengo cha rufaa kikaitupa Machi 2012: mkataba unataka malalamiko yaletwe ndani ya miezi miwili, na miezi miwili ilikuwa imepita kitambo.

Ndani ya nchi saa haina huruma zaidi. Sheria ya Kenya ya muda wa kuzishtaki mamlaka za umma inatoa miezi 12 kwa madai ya madhara. Linganisha na ugonjwa ambao kwa vigezo vyake unaweza kungoja miezi sita kuanza kuonekana, na ambao watoto wake, presha na sukari, hujitokeza miaka kadhaa baadaye. Mawakili hujaribu kupitia Katiba badala yake, kwa haki ya afya na hifadhi ya jamii katika kifungu cha 43 au haki ya uamuzi wa kiutawala ulio wa haki katika kifungu cha 47. Mlango huo haujafungwa kwa tarehe, ingawa majaji huuliza kwa nini umekawia. Jibu la mgonjwa wa kiwewe kwa swali hilo ni ugonjwa wenyewe, ambao kazi yake ni kumfanya mtu akwepe kuusema.

Shahidi wa usiku

Kuna mtu anayejua yote na haulizwi: mke. Ndiye anayejua kwamba tangu arudi mume analala upande wa mlango. Ndiye anayewaonya watoto wasimwamshe kwa kumgusa, wamwite kutoka mbali. Ndiye anayejua mwaka ambao pombe ilihama kutoka Jumamosi kwenda kila siku. Katika daftari la hospitali hayumo, kwa kuwa foleni ni ndefu na daktari ana dakika tano. Marekani maelezo yake yaliyotiwa saini ni ushahidi, sawa na ya askari mwenza aliyekuwa naye kambini. Hapa kwetu ni mtu wa kubeba daftari.

Zamani jambo hili halikuwa la siri ya chumbani. Wabukusu, kama jirani zao wengi, walikuwa na taratibu za kumtakasa aliyeua vitani kabla hajarudi kulala na watu wake. Sisemi taratibu zile zingeshusha presha. Nasema zilikuwa na sifa moja ambayo mfumo wa sasa hauna: kijiji kizima kilikubali, mbele ya mashahidi, kwamba mtu huyu ametoka vitani na kwamba vita vimemgusa.

Leo aliyeguswa hupanda matatu. Kwa mkazi wa Kitale au Bungoma anayehitaji daktari bingwa wa akili, safari ya kawaida huwa ni Eldoret, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Nauli, chakula, siku nzima ya kazi, na pengine miadi nyingine mwezi ujao. Hospitali za jeshi zina wataalamu, ila si kila mtu anapenda kurudi langoni, kujitaja namba na kukaa benchi moja na vijana wanaomwita afande ili aseme kwamba anaogopa usiku.

Barua ya siku 21

Lipo jambo moja linalowezekana kufanywa sasa, kabla Bunge halijakumbuka orodha yangu. Karatasi ya tatu haiwezi kuandikwa bila faili la jeshi, na faili hilo linaweza kuombwa.

Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinampa kila raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuona data zake mwenyewe. Usalama wa taifa ni kizuizi halali katika zote mbili, na wizara inaweza kukitumia kukataa kueleza kambi ilipangwaje au nani alikuwa zamu. Ni vigumu zaidi kukitumia juu ya vipimo vya damu vya mtu anayeviomba mwenyewe.

Kwa hiyo ombi liwe jembamba. Mstaafu aombe tarehe za kutumwa nje, jina la kikosi, kumbukumbu zake za matibabu tangu aajiriwe hadi alipoachishwa, na uamuzi wa bodi ya madaktari pamoja na asilimia waliyompa. Asiombe ramani wala majina ya wenzake. Vipimo vya siku ya kuajiriwa ni vya thamani kubwa kuliko vinavyoonekana: jeshi halichukui kijana mwenye presha, kwa hiyo karatasi hiyo inaonesha mwili ulivyokuwa kabla. Nakala ikipatikana, iende na daftari mpaka kwa daktari bingwa, na mke aende pia, aseme anayoyaona usiku. Hapo daktari ana kitu cha kuandikia maoni yake, kwamba kuna uwezekano mkubwa, au mdogo, presha hii ilizaliwa na kiwewe kile.

Ofisi iliyoombwa ina siku 21 kujibu. Ikikataa au ikinyamaza, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita ofisi ya ombudsmani. Sheria hairuhusu haki hiyo ipunguzwe kwa sababu ya lengo la mwombaji. Asiyeweza kuandika, kwa kutojua kusoma au kwa ulemavu, afisa wa ofisi anatakiwa ayapokee maneno yake kwa mdomo na kuyaandika. Na kifungu cha nane kinasema ombi linaweza kuwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili.